Msiba wa Rupert

Bernadine Lezama aliwauza samaki kwa sauti kwanza, mizani ilifuata baadaye. Ukimkuta amenyamaza, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana na aproni ya mpira, usingedhani kwamba kifua kile kimebeba kitu cha kuamshia mji. Lakini alipofungua kinywa alfajiri katika soko la Santa Rufina, mbwa wa kituo cha polisi walisimama, na madereva wa teksi za Port of Spain wakashusha vioo kujua leo kimekuja nini, nguru au changu. Mimi nauza viungo vibichi meza inayofuatia yake: giligilani ya mwitu, kitunguu jani, tangawizi, pilipili mbuzi. Sikio langu la kushoto limepungua nguvu. Daktari anasema ni umri. Mimi nasema ni Bernadine.

Si kwamba sisi wengine tulikuwa mabubu. Dass Boodhoo, muuza nyanya na maboga, alizinadi nyanya zake kama baba anayesifia binti zake mbele ya wachumba. Lennox Akow, ambaye babu yake alitoka Uchina na kuacha gogo la kukatia nguruwe na ucheshi mdogo sana, hakuita. Aligonga panga lake kwenye gogo kwa mdundo, na wanaokula nguruwe waliujua mdundo ule. Kila mtu alikuwa na mlio wake, na soko zima lilisikika kama bendi iliyokosana na kiongozi wake lakini bado inapiga.

Ndipo Bwana Carlyle Quamina aliporudi kutoka Uingereza.

Alikuwa amekaa kule tangu ujana wake hadi kustaafu, na alirudi na suti nyingi za sufu zisizo na kazi katika joto letu. Alinunua nyumba ya ghorofa ya juu katika jengo jipya ng'ambo ya barabara, madirisha yote yakiangalia soko. Siku ya tatu au ya nne aliteremka amevaa joho la kulalia lenye mkanda, akamwomba Bernadine, kwa adabu kubwa, apunguze sauti. Bernadine alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza kama angependa akatiwe vipande au aondoke na samaki mzima.

Bwana Quamina hakuondoka na kitu. Alikwenda kwa baraza la mji. Sasa, baraza letu lilikuwa limeombwa kwa miaka lizibe paa la soko, na paa likaendelea kuvuja. Lakini malalamiko haya yalipata dawa wiki ile ile. Likabandikwa tangazo: marufuku kupaza sauti, kupiga kengele, honi au kugonga chochote kwa nia ya kutangaza bidhaa. Akaletwa Koplo Ifill wa polisi ya mji kulisimamia. Koplo ni jitu la mtu, mpole, na Bernadine alikuwa amemfuta kamasi mara nyingi alipokuwa mtoto. Hata hivyo faini ya kwanza alimwandikia yeye, huku akiangalia pembeni.

Soko likawa kama chumba cha kungojea daktari. Watu walinunua kwa kunong'ona. Dass alijaribu kuwaita wateja kwa nyusi, akimpandishia huyu na kumshushia yule, mpaka mama mmoja wa Kisiria mwenye duka la vitambaa akamwambia kwamba ana mume nyumbani, na hata kama asingekuwa naye, asingeanzia kwenye nyanya. Wateja wa Bernadine walipita wakaenda zao kwa sababu miaka yote walikuwa hawamtafuti kwa macho. Kufika saa nne samaki walikuwa bado wamelala pale, na barafu inageuka maji.

Haya yote tungeyavumilia. Tunajua kununa na kungoja baraza lisahau. Kilichoharibu mambo ni siku Aji Sumintra alipokuja kununua boga.

Aji maana yake ni bibi, na Sumintra alikuwa bibi wa watu wengi kuliko aliowazaa. Macho yake yalikwisha zamani, lakini alikuja sokoni peke yake na fimbo yake, bila kushikwa mkono. Njia yake ilikuwa ya masikio: sauti ya Bernadine ibaki bega la kulia, uipite, kisha fuata sifa za nyanya mpaka uguse meza ya Dass. Siku hiyo aliingia, akasimama, akatega sikio. Kimya. Akangoja kidogo, halafu akaendelea kwa kubahatisha. Sisi tuliokuwa na wateja hatukumwona anapotea. Lennox alikuwa amekwenda kuchukua chai. Aji akafika kwenye gogo lake, akanyoosha mkono, akapapasa, akapapasa tena.

"Dass," alisema, "boga lako hili lina pua."

Kilikuwa kichwa cha nguruwe. Na Aji Sumintra ni mwanamke ambaye hata yai halijawahi kuvuka kizingiti chake.

Sitawadanganya, tulitaka kucheka. Tulijiziba midomo kwa aproni na kanga za kichwani, Koplo akageukia ukutani, mabega yake yakitikisika. Lennox aliyerudi na kikombe mkononi alibadilika rangi akaanza kuomba radhi kwa lugha zote alizorithi. Aji alipoelezwa amegusa nini, aliomba maji, akanawa mikono muda mrefu sana. Kisha akasema tumwambie boga mwenyewe kwamba ana ngozi laini kwa umri wake, akacheka peke yake.

Lakini mimi ndiye niliyemsindikiza kwenda nyumbani. Njiani aliniambia, taratibu, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine, kwamba tangu alipopofuka hajawahi kuongozwa kama ng'ombe, na leo ndiyo mara ya kwanza.

Nilirudi nikamweleza Bernadine. Akanyamaza. Bernadine akinyamazishwa na sheria ni jambo moja. Akinyamaza kwa hiari yake, jiandae.

Mchana alimwendea Koplo Ifill na uso mtamu kama asali. Alimwuliza habari za mama yake, akamwuliza habari za goti lake, halafu akauliza, kama mtu anayepitisha muda, kama sheria mpya imekataza watu kulia.

"Kulia nini, Tanti?" Tanti kwetu ni shangazi.

"Kulia tu. Kama mtu amefiwa."

Koplo alisema Mungu apishe mbali, hakuna sheria duniani inayomkataza mtu kuomboleza wafu wake. Bernadine akamshukuru, akamwambia ndiyo maana amekuwa polisi, ana kichwa.

Ijumaa jioni tukakusanyika nyuma ya meza ya Dass, na Aji Sumintra akaletwa kama mshauri, maana yeye ndiye aliyekuwa na dai kubwa kuliko wote. Alipenda shauri lile. Aliweka sharti moja tu: tulie tunavyotaka, lakini sala, za kanisa au za hekalu au za msikiti, zisitajwe. "Mungu msimwingize kwenye samaki," alisema. "Ana kazi zake."

Jumamosi Bernadine alikuja amevaa gauni jeusi la mazishi ya mama yake na kitambaa cheusi cha lesi kichwani. Mezani, juu ya barafu, alilaza nguru mkubwa kuliko wote waliofika wiki ile, akamfunika gunia bichi kuanzia kichwani hadi mkiani, na kumzungushia maua mekundu. Ndugu zake wadogo walipangwa ubavuni. Yeye akaketi kwenye kreti, akashika mashavu, akavuta pumzi.

"Ooo Rupert! Rupert wangu! Jana tu ulikuwa baharini unacheza! Leo umelala kwenye barafu, macho yanang'aa, na wa kukuchukua hajafika!"

Ile sauti, baada ya siku zote zile za kufungiwa, ilitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Wapita njia walisimama. Upande wa pili Dass akaangusha kichwa juu ya rundo lake la nyanya na kuanza kuwalilia watoto wake wekundu, wa shamba moja, waliochumwa alfajiri hii na umande bado mashavuni. Lennox alikuwa amelifunga lile panga kitambaa cheusi, akawa anagonga gogo polepole, du, halafu kimya, halafu du, kama ngoma ya msafara wa jeneza. Mimi sikuweza kulia kwa kicheko. Nikakata pilipili mbuzi, nikajisogezea karibu na pua, na machozi yakaja yenyewe.

Watu walikuja kama nzi kwenye embe. Walitupa pole, wakafuta macho kwa kicheko, wakaondoka kila mmoja na ndugu yake Rupert ndani ya karatasi. Koplo Ifill alikuja akiwa amevua kofia, maana alilelewa vizuri. Alimwuliza Bernadine nani amefariki, akaambiwa ni Rupert. Alipouliza Rupert yupi, Bernadine alimtazama kwa huzuni akamwambia kwamba mtu anayeuliza Rupert yupi si mtu wa mji huu. Koplo akabaki amesimama na kofia yake mikononi, anajua kabisa anachezewa, na hajui aanzie kifungu gani.

Sasa kule ghorofani, Bwana Quamina alikuwa ameamka. Alisikia kilio. Alisikia bahari, alisikia barafu, alisikia jina la mtu na watoto wa familia moja. Lolote utakalosema juu yake, alikuwa ni mtu wa malezi ya zamani, ya wakati ambao hukupita penye msiba na kofia kichwani. Akavaa suti nyeusi ya sufu na tai nyeusi, akashuka ngazi, akavuka barabara katika jua lile. Tulipomwona anakuja, vilio vilipungua kimoja kimoja. Umati ukampisha. Akasimama mbele ya meza, kofia kifuani, jasho linamtiririka.

"Pole sana, mama," alisema. "Nimesikia kule juu. Ni bahari?"

"Ni bahari, bwana," Bernadine alijibu, macho chini. "Jana. Walimtoa kwa wavu."

"Maskini. Alikuwa mtu mzima?"

"Umri wake siujui. Lakini alikuwa bado mbichi."

"Na ameacha familia?"

"Kubwa. Ila wengi wameondoka asubuhi hii hii, kila mmoja na watu wake."

Dass alikohoa vibaya akainama chini ya meza. Bwana Quamina alimtazama kwa huruma, akauliza kwa sauti ya chini kama watoto wanaoliliwa na yule bwana nao walikuwa kwenye chombo hicho hicho. Bernadine akasema hapana, ule ni msiba mwingine.

Yule mzee akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Ningependa kumwona uso, kama si vibaya."

Hapo nilimwona Bernadine akisita, na mimi ndiye niliyekaa naye karibu. Nadhani hakuwa amefikiri kwamba angekuja. Kumchezea mtu aliyejificha dirishani ni rahisi. Huyu alikuwa mbele yake, amevua kofia, na amekuja kwa moyo safi. Lakini watu wote walikuwa wanangoja. Akashika pembe ya gunia, akalifunua.

Nguru akamtazama Bwana Quamina kwa jicho moja, mdomo wazi.

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumeingojea nafasi hiyo asubuhi nzima. Bwana Quamina alimtazama Rupert kuanzia meno hadi mkia. Akaivaa kofia yake. Akaivua tena. Nilidhani atapiga kelele, au atageuka aende zake, na kati ya hayo mawili sijui lipi lingetuumiza zaidi. Badala yake akamgeukia polisi.

"Koplo. Huyu ni marehemu, au ni bidhaa?"

Koplo akatoa daftari lake la faini, akalirudisha mfukoni.

"Nakuuliza kwa sababu," Bwana Quamina aliendelea, na sauti yake ilikuwa imetulia kama ya hakimu aliyekwisha kunywa chai, "kama ni bidhaa, basi huyu mama amepaza sauti kutangaza bidhaa, na hawa wote pamoja naye, na una kazi ya kuandika mpaka jioni. Lakini kama ni marehemu, marehemu hauzwi. Anazikwa. Leo, kwa joto hili. Nami nitafuata jeneza, maana nimeshavaa."

Soko lilivuta pumzi kwa pamoja. Mtu tuliyemdhani gogo kavu alikuwa ameturudishia kofi letu lile lile. Dass aliinuka kutoka chini ya meza, macho yamemtoka, akaninong'oneza kwamba huyu mzee hakuzaliwa Uingereza, huyu ni wa hapa hapa.

Bernadine alimtazama Rupert. Alikuwa ndiye samaki wa kulipia wiki nzima ya ukimya. Akamtazama Koplo, na Koplo, ambaye alikuwa anajiona mjinga tangu alfajiri, alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Chagua, Tanti," alisema.

"Ni marehemu," Bernadine akasema. "Tutamzika. Na wewe, bwana, ndiwe mkuu wa msiba, maana hakuna mwingine aliyevaa vizuri."

Bwana Quamina aliinama kidogo, kukubali heshima. Koplo akasema nyuma ya soko, karibu na mfereji, kuna ardhi laini. Bernadine akamjibu kwamba watu wa ukoo wa Rupert hawazikwi ardhini, hawajawahi. Akaupiga mkono wake tumboni, juu ya gauni la mama yake.

"Huzikwa hapa."

Mzee Quamina alitaka kubisha, niliona. Midomo ilianza kuandaa hoja. Lakini mwenyewe alikuwa amesema azikwe, hakusema wapi, na alikuwa mtu wa kuheshimu maneno yake. Pembe moja ya mdomo wake ikacheza.

Basi Lennox akawasha jiko lake la mkaa, likaletwa sufuria kubwa ambalo huwa tunalitumia wakati wa Krismasi. Dass alitoa watoto wake wekundu kadhaa wamfuate Rupert, na ndizi mbichi, na magimbi. Mimi nikatoa viungo, na pilipili mbuzi mbili, nzima, zielee tu juu ya supu zitoe harufu. Pilipili hizo hazipasuliwi, kila mpishi wa Trinidad anajua. Nilimwona Bernadine akizikandamiza na upawa kwenye ukingo wa sufuria mpaka zikapasuka, kisha akakoroga kama hajafanya kitu.

Bwana Quamina aliketi kwenye kreti iliyofunikwa gazeti, suti yake imeloa, na akapewa sahani ya kwanza, kama inavyompasa mkuu wa msiba. Aji Sumintra alikuwa amekaa karibu yake, anakula magimbi yaliyochemshwa mbali kabisa, kwenye chungu ambacho Lennox alikatazwa hata kukitazama. Mzee akanywa kijiko cha kwanza. Alisimama kidogo, akakaa. Macho yalijaa, yakafurika, machozi yakashuka mpaka kwenye tai.

"Sasa amelia," Bernadine akatangaza. "Msiba umekubaliwa."

Hapo ndipo soko lilipocheka, kicheko chote kile kilichokuwa kimebanwa tangu siku ya boga. Yeye aliendelea kula. Alikohoa, akafuta uso na leso, akasema kwa sauti iliyokwaruzwa kwamba aongezewe.

Aji aliacha kutafuna. Aliinamisha kichwa upande wa ile sauti, akamwomba aseme tena.

"Niseme nini, bibi?"

"Chochote. Haya, inatosha. Wewe ni mtoto wa Clotilde."

Bwana Quamina akasema bibi amemfananisha. Alisema haraka mno.

"Mimi sina macho ya kufananishia," Aji akajibu. "Clotilde wa kashata. Ulikuwa unakaa chini ya meza yake na vitabu vyako. Aliketi pale lilipo gogo la Lennox, na aliita hivi." Naye bibi yule, ambaye kwa kawaida huongea kama anayelaza mtoto, aliinua kidevu. "Kashata! Nyeupe na ya waridi! Tamu mpaka kwa jino la kuazima!"

Iliyotoka haikuwa sauti yake. Wazee wawili watatu wa soko waligeuka kutazama kama kuna mtu amesimama nyuma yao. Koplo Ifill alipata jambo la kuangalia kwenye viatu vyake.

Mzee alishika kijiko bila kukitumia. Kisha alisema, akiongea na sahani, kwamba alipopata nafasi katika shule kubwa ya Port of Spain, wavulana wenzake waliujua ule wimbo wa kashata, sijui nani aliwapelekea, na walimfuata nao koridoni, kila siku, jino la kuazima, jino la kuazima. Siku moja akaja nyumbani akamwomba mama yake aache kuita.

"Akaacha," alisema. "Hakunigombeza hata kidogo. Alikaa tu na sinia lake, kimya. Na watu wakapita."

Aji akamwuliza, kama anayetaka tu kufahamu, mbona basi amekuja kununua nyumba juu ya soko. Akajibu kwamba hajui. Dalali alimwonyesha nyingine, nzuri zaidi, kule vilimani, ambako husikii ila ndege. Alikwenda kuziona, na hakuchukua hata moja.

Bernadine haombi radhi. Sijamsikia akiomba, na nimekaa naye meza kwa meza karibu maisha yangu yote. Alichukua kisu, akachimba ile nyama laini iliyo chini ya jicho la Rupert, tonge moja tu kila upande, ambayo huliwekea tumbo lake mwenyewe na hamkatii hata padri. Akayaweka matonge yote mawili kwenye sahani ya mzee, akasema ale kabla hayajapoa.

Jumatatu Bwana Quamina alikwenda barazani na suti ile ile, imefuliwa. Koplo aliyekuwepo anasema alizungumza mpaka mwenyekiti akakubali ili apate kwenda chakula cha mchana. Sheria ikalegezwa: kuita ni ruhusa, lakini si kabla ya saa moja asubuhi, maana yule mzee bado alipenda usingizi wake na hakuona sababu ya kujidhulumu kwa ajili ya mapatano. Aji Sumintra anakuja saa mbili. Anatupita mmoja mmoja, anamtukana Dass kwa bei zake, na Lennox hugonga panga kwa nguvu zaidi anapomwona, apate kujua asikanyage upande ule.

Tatizo ni saa ya Bernadine. Inakwenda mbele. Anaapa haiendi mbele, anasema ni ya Uswisi, lakini kila siku anapoachia ile sauti, ile ya kwanza kabisa, jua halijapanda ukuta wa kanisa. Na kila siku dirisha la ghorofani linafunguka kwa kishindo, anatokea Bwana Quamina na joho lake la mkanda, na kumwambia soko zima likisikia kwamba yeye ni mwongo, mwana wa mwongo, na saa yake ni ya kuchezea watoto. Bernadine humjibu kwamba saa haina kosa, ni masikio yake yamejaa nta ya Uingereza. Naye hujibu. Ndipo tulipogundua kwamba kifua kile chembamba, kilichovaa sufu miaka yote, kina sauti inayomfunika Bernadine. Inafika stendi ya teksi. Inavuka mto.

Wiki iliyopita watawa wa konventi iliyo nyuma ya jengo lake walipeleka malalamiko kwamba kuna mwanamume anayepiga kelele dirishani alfajiri. Koplo Ifill akapanda ngazi kumwonya. Alikaa huko muda mrefu. Aliposhuka, Bernadine alimwuliza yule mkaidi amesema nini.

"Amesema sheria inakataza kutangaza bidhaa," Koplo akajibu, akivaa kofia yake, "na yeye hauzi kitu."

Bernadine aliangalia juu kwenye dirisha, akaangalia saa yake, akavuta pumzi.